Mende wa Friji na Mkono wa Baba

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana nikiwasimulia marafiki zangu hawafiki mwisho.

Baba yangu ni fundi saa. Mwaka jana alipata kiharusi, mkono wake wa kulia ukalegea, na tangu hapo kibanda chake cha kazi kimefungwa, naye akawa anashinda sebuleni akiutazama ule mkono kama mgeni asiyejulikana ataondoka lini. Mtaalamu wa mazoezi alisema aokote vitu vidogo vidogo kwa vidole, nikamwekea maharage kwenye sahani, baba akasema, "Mimi si kuku," akageukia ukutani.

Aliyemwamsha ni mjusi. Kaka yangu alipohamishwa kikazi alituachia mjusi wake wa kufuga, mnene, mwenye miiba shingoni, tunamwita Mheshimiwa kwa sababu hushinda juu ya jiwe lake akisinzia kama yuko mkutanini, na chakula chake ni mende, si hawa wa jikoni ambao huenda wamekanyaga dawa, bali wa kufugwa, wanaouzwa kwenye duka la samaki wa mapambo. Nilichagua wale wapana, wazito, wasioweza kupanda plastiki laini, maana niliogopa wakitoroka mama atanifukuza pamoja nao. Siku moja nikachelewa kazini, nikakuta baba amemlisha mwenyewe. Kwa mkono wa kulia, mshauri! "Alikuwa ananitazama," akasema. "Ningefanyaje?"

Basi ikawa kazi yake. Kisha wale wapana wakaisha dukani. Muuzaji akaniambia, "Dada, chukua hawa wekundu, wepesi, tena mjusi hana habari na kitu kisichotembea," na kweli ni wepesi, baba aliingiza mkono kwenye kasha lao mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, wote wakamponyoka, akautia mkono mfukoni na hakusogea mezani siku hiyo wala iliyofuata. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mende akipata baridi hulegea, basi nikawatia wachache kwenye kopo, nikaliweka kwenye friji kwa muda mfupi, nikawamimina kwenye kasha lile, naye baba akaokota mmoja, akaokota wa pili, akanitazama machozi yakimlengalenga. "Mkono unarudi," akasema.

Ningeishia hapo. Lakini wapana waliporudi dukani nikaendelea kununua wekundu, kwa sababu ni kumkamata mwekundu ndiko kulikompa fahari. Sasa kila jioni nawatia baridi, naye anafungua mfuniko kwa mkono uleule, anamchukua mmoja, anamfumbata kiganjani, anampulizia pumzi taratibu kama mtu anayeaga, ndipo anampa Mheshimiwa. Mimi nasimama mlangoni, nampenda, na najichukia.

Mama aligundua alipokuwa anatafuta maziwa. "Tangu niolewe napigana na mende," akapiga kelele, "leo wewe unawawekea friji? Na mto wa kulalia utawapa?" Nilipomweleza, akalifunika kopo kwa kitambaa, akalirudisha mahali pake, akasema, "Usimwambie. Mtu ameanza kucheka juzi tu."

Ningemtii. Lakini wiki hii baba amempigia simu mteja wake wa zamani, mjane, amletee saa ya marehemu mumewe, ambayo alimwahidi kuitengeneza kabla hajaugua. Anakuja Jumamosi. Nikisema ukweli namrudisha baba ukutani. Nikinyamaza, ataiharibu saa ya marehemu mbele ya mjane, na aibu hiyo itakuwa imetoka mikononi mwangu. Nimesoma miaka mingi, mshauri, na sina sentensi hata moja ya kumwambia baba yangu.

Ni mimi,
Binti wa fundi saa

*

Binti wa fundi saa,

Nisamehe, nimecheka. Nimecheka nilipofika kwa mama yako na mto wa mende, halafu nikalazimika kufuta macho.

Kwanza nikugombeze. Ulimhurumia baba yako, sawa, nani asingemhurumia? Lakini wale wapana waliporudi dukani, huruma ilikuwa imekwisha kazi yake. Ulichofanya baada ya hapo ni kumpangia mtu mzima ushindi wake kila jioni, kama mtoto anayeachiwa ashinde mchezo. Hilo uliache leo.

Sasa isome tena barua yako, maana uliiandika ukijitazama wewe tu. Umesema anafungua mfuniko kwa mkono uleule. Mfuniko wa kasha la mende unabana, usingebana mama yako angeshahama. Je, mfuniko nao uliutia kwenye friji? Basi hilo ni la kwake, hukumpa wewe.

Na umesema anamfumbata mende na kumpulizia pumzi. Wewe ukadhani anaaga. Mwanangu, muuzaji alikwambia mjusi hana habari na kitu kisichotembea, na mende aliyetoka kwenye baridi hatembei. Baba yako anampasha joto. Na mtu hapashi joto kitu mpaka ajue kina baridi.

Sitaapa, sikuwepo. Lakini nadhani anajua, tena kitambo, na anakuficha kwamba anajua kwa sababu anaona unavyosimama pale mlangoni. Mama anamfichia baba, baba anakufichia wewe, na wewe unajiona ndiye mwongo pekee wa nyumba hiyo. Mna mapenzi, lakini mnachosha!

Fanya hivi. Kesho nunua wale wapana, na asiwemo hata mmoja mrefu kuzidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya Mheshimiwa, asije akamkaba. Chukua na wekundu wachache, usiwatie baridi. Weka makasha yote mawili mbele ya baba, na safari hii uketi karibu naye, mlangoni usisimame. Mwambie, "Baba, hawa wekundu nilikuwa nawaweka kwenye friji." Hiyo ndiyo sentensi uliyoikosa. Usihutubie, na usilie kabla yake. Halafu muulize atamlisha wepi. Akichagua wapana, ndio chakula cha Mheshimiwa tangu mwanzo, hakuna aibu. Akitaka kufukuzana na wekundu, mpisheni. Mmoja akitoroka, mama ana viatu.

Akigeukia ukutani je? Kaa hapohapo. Usiondoke, usimbembeleze. Mheshimiwa atakuwa anamtazama, na wewe umeshaona yanayotokea mjusi huyo akimtazama.

Kuhusu Jumamosi, usimpigie mjane simu, mwache aje. Fundi ni baba yako, si wewe. Ataitazama ile saa na atajua kama ni ya kufungua siku hiyo au ya kusubiri. Wewe muulize tu kama anataka mtu wa kumshikia kibano. Akisema "shika hapa," shika. Akisema "bado," mwamini. Ameahidi kuitengeneza, hakuahidi siku.

Na baada ya wale wekundu, binti yangu, hiyo ndiyo kazi ya starehe: saa ukiiweka mezani, haikimbii.