Neema Amemjibu Daktari, Mtani

Mtani wangu Ndahani,

Kosa la watu wengi wanaojifunza lugha ya kigeni ni kungoja waijue vizuri ndipo waiongee. Ulinionya, nikakupuuza. Uliporudi kutoka masomoni Kuba ukaanzisha darasa la Kihispania kwa kidato cha sita hapa Tabora, uliwatania wanafunzi hata wakilima shamba la shule, nao ilibidi wakujibu kwa lugha hiyohiyo, jembe mkononi. Mimi, mwalimu wa Kilatini niliyelelewa na mapadri, niliona unapoteza muda.

Kisha ukafa, Mgogo wewe, katikati ya muhula. Nilikutania kaburini, kama desturi ya utani wetu Wanyamwezi na Wagogo inavyotaka.

Nikalirithi darasa lako, maana Kihispania ni mtoto wa Kilatini. Miezi miwili mizima niliwakaririsha vitenzi. Binti yako Neema aliandika insha safi, akavimudu hata vile vitenzi vya mashaka na matumaini vinavyowatesa wengi. Lakini nikimuuliza jambo kwa mdomo, aliinamisha kichwa. Na usaili wa kwenda Kuba kusomea udaktari, uliokuwa ndoto yako kwake, ulikuwa wa mdomo mtupu, kwa Kihispania.

Siku moja nikafunga daftari. Nikamwambia, kwa Kihispania changu kibovu, kwamba Wagogo ni wachoyo: babu yangu alipopita kwenu na msafara, pembe ya ndovu begani, akielekea pwani, mlimdai nguo ndipo anywe maji. Neema akainua uso, akasema polepole kwamba Mnyamwezi anayetembea miezi mitatu bila maji yake anastahili kiu. Alikosea mara mbili. Sikumsahihisha.

Wiki iliyopita alikaa kwenye usaili mbele ya daktari Mkuba. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje, dirisha wazi. Daktari akamwambia amekonda mno, upepo wa Kuba utampeperusha. Nikashika ukingo wa benchi.

"Kama upepo wenu una nguvu hivyo, daktari, mbona ninyi mlikuja kwa ndege?" Neema akamjibu.

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Neema amechaguliwa, Ndahani. Binti yako anakwenda Kuba.

Nakuahidi nitamwandikia kila mwezi, kwa Kihispania, nimtanie kwa niaba yako.

Nawe uliwahi kunitania kwamba, Neema akifaulu, utampa babu yangu maji bila kumdai nguo. Kwaheri, mtani. Pumzika, lakini si leo. Leo mtafute babu yangu, umpe maji.