Mirija ya Plastiki

Malaba, 9 Aprili 1996

Mwanangu Asio,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Tuko wazima, isipokuwa goti langu ambalo halisikii dawa. Nawe unaendeleaje na baridi ya Nairobi?

Vile vipande vya bomba jembamba ulivyompa dereva Mukhwana vilifika. Ulisema ndiyo plastiki mpya mnayotengeneza kiwandani, polyester isiyoogopa joto. Basi nimeikata iwe mirija ya kunywea pombe yetu ya ajono. Unajua chungu tunakiongezea maji yanayochemka kila pombe ikipungua, na mirija ya plastiki ya dukani hulegea. Hii yako inasimama imara. Nimewagawia wazee wote, na mzee Olinga halali bila kuuona mrija wake. Umenipa jina, binti yangu.

Baba yako

Nairobi, 17 Aprili 1996

Baba,

Hamjambo huko? Kusanya mirija yote leo.

Plastiki hiyo ni ya kufunika nyaya kwenye injini za magari. Ili istahimili joto, tuliichanganya na nyuzi laini za kioo. Joto kavu inaliweza. Lakini wiki hii tulichemsha vipande kwenye maji, ndani vikaanza kumeguka, na nilipopitisha kidole kioo kikanichoma. Hicho ndicho mnachovuta. Nilituma kabla hatujajaribu maji, nilitaka tu ujivunie mtoto wako.

Usione haya kuwaambia wazee. Kuna yeyote anayetema damu? Nijibu haraka, naogopa sana.

Binti yako

Nairobi, 6 Mei 1996

Baba,

Mko hai? Nimepiga simu dukani kwa Akurut, inalia tu. Siwezi kula. Msimamizi amenipa ruhusa nije Jumamosi ya wiki ijayo. Niandikie hata neno moja.

Binti yako

Malaba, 10 Mei 1996

Asio mama,

Hujambo? Pole kwa kimya changu. Barua yako ya kwanza ilifika mapema, lakini niliingiwa na woga. Mwenye chungu akisema amewapa wageni kitu kibaya, hapa kwetu ataitwa mtia sumu mpaka kaburini. Nikanyamaza, wakaendelea kunywa. Juzi Olinga akatema damu mbele yangu, nikawaambia.

Hakuna aliyenitukana. Unajua desturi, mwenye nyumba huvuta kwanza ili wageni waone pombe ni salama. Olinga akanipa mrija wake, akasema, "Vuta wewe, Oluka. Vuta mpaka niseme basi."

Alikawia kusema basi. Nilivuta. Ndipo kila mmoja akarudisha wake, nikaitupa yote chooni. Olinga yuko hospitali ya Kocholia, ameanza kunywa uji.

Barua hii nampa Mukhwana akuletee mkononi. Leo asubuhi nami nimetema damu. Mama yako nimemwambia ni jino. Naogopa, mwanangu. Usingoje hiyo Jumamosi.

Baba yako