Ganzi ya Vidole Viwili

Carrollton, Marekani, Jumatano, Februari 2019. Baridi kavu, na upepo wa kaskazini unapenya hata mlango uliofungwa.

Sina hamu ya kuandika leo, ila nisipoandika nitapasuka.

Mnaonisoma mnajua kazi yangu: msaidizi kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo. Mtaalamu anapanga mazoezi, mimi nasimama na mgonjwa, namhesabia, kisha naandika kwenye faili kinachomuuma. Uamuzi wote hutoka kwenye faili hilo.

Tangu mwaka jana nina mgonjwa mmoja, mrushaji wa besiboli kutoka Taiwan. Nitamwita Jun, ingawa si jina lake. Besiboli nilikuwa siijui kabisa. Kwetu Unguja tulikuwa na kandanda na bao, basi. Yeye ndiye aliyenifundisha, huku akivuta utepe wa mpira uliofungwa ukutani. Mrushaji husimama peke yake katikati ya uwanja na wenzake wote wanausubiri mkono wake. Alianza akiwa na miaka tisa. Akalelewa bwenini na timu, mama yake akimwona Jumapili tu. Alipofika kumi na minane akaletwa Marekani, na miaka saba ikaishia kwenye ligi ndogo, mabasi usiku kucha, chakula cha vituo vya mafuta. Ligi kuu hakuikanyaga hata siku moja. Kisha kano la kiwiko likakatika, akapasuliwa, timu ikaachana naye.

Mwezi uliopita aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni, kwamba akimaliza kurusha vidole vyake viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Akaniomba nisiandike. Kuna timu ya Houston ilikuwa imekubali kumtazama akirusha, na habari ya ganzi ingefuta miadi.

“Dada, hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho.” Neno dada nilimfundisha mwenyewe.

Sikuandika.

Wala si kwa ujinga. Nimelelewa kwamba aibu ya mtu hufunikwa. Jirani akikosa chakula unampelekea sahani imefunikwa kawa, ili wa njiani wasijue kitu. Mtu akikuonyesha udhaifu wake, amekupa amana. Basi nikaandika “hana malalamiko”, nikatia saini. Nilifanya hivyo mara nne, na wallahi nilijiona mwema.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo naijua tangu nikiwa chuo cha Kurani, juzuu mkononi. Haikunijia akilini hata mara moja.

Jumamosi Jun alikwenda Houston. Kwenye mpira wa kumi na moja kano likakatika tena. Anasema aliusikia mlio wake.

Leo asubuhi amekuja, mkono umening’inia kwenye kitambaa shingoni. Daktari wa upasuaji amemwambia asahau kurusha. Ana miaka ishirini na sita na hajawahi kufanya kazi nyingine yoyote.

Mkuu wangu aliketi naye, mimi nimesimama pembeni, akafungua faili. Alisoma karatasi moja moja. Kisha akamwambia, bila kupandisha sauti, “Hujasema popote kwamba una tatizo. Ungetuambia tungekusimamisha mapema, na mkono ungepona.”

Ungepona.

Nilingoja Jun aninyooshee kidole.

Aliangalia viatu vyake. “Kosa ni langu. Nilificha, sikumwambia mtu.”

Nilisimama pale na saini zangu nne mezani, nikanyamaza mpaka akaondoka.

Jioni nimemweleza mume wangu. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Sasa unataka ku-confess nini, mke wangu? Kijana wa watu kashakusitiri. Uki-report wanakufukuza, na ile school ya kusomea utaalamu uliyo-apply ndiyo basi tena. Mungu kakufunika, usijifunue.”

Anasema kwa mapenzi. Na mimi mwezi uliopita nilisema hivyo hivyo, kwa mapenzi.

Nimelia jikoni mpaka wali ukaungua. Najichukia. Nilimfunika mtu ambaye alihitaji kuonekana, akapoteza mkono. Yeye leo, akiwa hana kitu, amenifunika mimi niliyestahili kuonekana, na nimekubali upesi kuliko ninavyokubali chai.

Kesho naingia kazini saa moja. Nitakwenda kwa mkuu wangu kabla sijavua koti, nimwambie kuhusu vile vidole viwili, siku zote nne, na kwamba aliyeficha ni mimi. Nikichelewa hata dakika tano najijua, nitapata sababu. Pengine nitafukuzwa.

Lakini hata wakinifukuza mara kumi, Jun hatarusha tena.