KUHUSU KUHAMISHWA KWA MEZA YA FUNDI TOURIA MESBAHI

CHAMA CHA MAFUNDI SIMU WA DERB NOUALA, CASABLANCA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI TENDAJI

Tarehe: Jumatatu, 14 Oktoba 2024, baada ya sala ya alasiri
Mahali: Chumba cha juu, duka la vioo la Lalla Bahija

WALIOHUDHURIA
Maalem (fundi bingwa) Bouchaib Zerouali – Mwenyekiti (fundi wa bodi za simu, meza ya kwanza)
Lalla Bahija Sqalli – Makamu Mwenyekiti (vioo vya simu)
Sidi Hamou Ait Lkadi – Mweka Hazina (betri na vipuri)
Driss Lamrabet – Mjumbe (matundu ya chaji na spika)
Anouar Filali – Katibu wa muda, hana kura

WALIOALIKWA
Touria Mesbahi – fundi wa bodi, meza ya pili
Maati Boukhriss – dereva wa teksi, mteja, shahidi wa Mwenyekiti

HAWAKUHUDHURIA
Haji Larbi Ouazzani – kwa udhuru, yuko harusini Settat
Abdelilah Sebti – bila udhuru

KUMB. NA. 1/10/2024: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 10:50 alasiri kwa Fatiha. Aliwataka wajumbe wazime simu. Driss Lamrabet alisema hilo ni ombi gumu kwa mafundi simu. Mwenyekiti alimtaka azungumze kupitia kiti.

KUMB. NA. 2/10/2024: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Kumbukumbu za kikao cha Septemba zilisomwa. Ndugu Driss alipinga palipoandikwa kwamba "alipiga kelele", akaomba pasomeke "alisisitiza". Ombi lilikubaliwa. Katibu aliomba radhi.

KUMB. NA. 3/10/2024: PAA LA MWISHO WA UCHOCHORO
Mweka Hazina aliarifu kwamba paa la nyuma, upande wa vyoo, bado linavuja, na kwamba fundi wa mabati ameahidi kuja kabla ya mvua kama alivyoahidi mwaka jana. Ilikubaliwa akumbushwe.

KUMB. NA. 4/10/2024: HOJA YA MWENYEKITI: MEZA YA PILI IHAMISHIWE NYUMA
Mwenyekiti aliwasilisha hoja kwamba Bi Touria Mesbahi aondolewe meza ya pili, iliyo mdomoni mwa uchochoro na inayotazamana na meza ya kwanza, apelekwe kibanda kilicho wazi mwisho wa uchochoro.

Mwenyekiti alieleza kwamba yeye yupo meza ya kwanza tangu uchochoro huu ukiuza kaseti. Alieleza kwamba Bi Touria aliingia sokoni akiwa hajui kushika kibano, na kwamba ni yeye aliyemfundisha kung'oa kipuri kidogo kuliko punje ya ufuta bila kuunguza vilivyo jirani. Kwa hiyo, alisema, hana chuki naye, na anaomba hilo litangulie katika kumbukumbu.

Sababu alizotoa ni kwamba foleni ya Bi Touria inaziba meza ya kwanza. Kwamba taa yake ni kali na inamuumiza macho. Na kwamba wateja wamezoea vibaya, hawaulizi tena fundi, wanauliza rangi.

Kuhusu rangi, Katibu alitakiwa asome kanuni ya saba: kila fundi wa bodi, akimaliza kazi, huweka nukta ya rangi ya kucha juu ya bati linalofunika sehemu aliyotengeneza, ili ikifunguliwa na mwingine ijulikane. Fundi wa pili huweka nukta yake kando ya ile ya kwanza, kamwe si juu yake. Rangi zilizoandikishwa ni kijani kwa Mwenyekiti na zambarau kwa Bi Touria.

Mwenyekiti alitoa mfano. Kwa kuwa alitaka uandikwe kama alivyousema, unafuata: "Juzi kaja bibi mmoja. Nimemkaribisha, nimemvutia kiti. Kanitazama, kaniuliza, 'Yule kijana wa nukta ya zambarau yuko wapi?' Nikamwambia ni mwanamke. Akasema, 'Basi ndiyo maana ana mikono mizuri.' Miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kuisifu mikono yangu."

Ndugu Driss alisema, "Chema chajiuza, Maalem." Mwenyekiti alimtaka kwa mara ya pili azungumze kupitia kiti.

Bi Touria alipewa nafasi. Alisema kibanda cha nyuma kina unyevu ukutani hadi usawa wa kiuno. Bodi ikiachwa wazi pale hata kwa siku moja hushika kutu, na lenzi za hadubini huota ukungu. Alisema hadubini yake bado anailipia, na kwamba mteja mwenye simu iliyokufa hatembei hadi vyooni kumtafuta fundi. Alisema kumpeleka kule ni kumfungia kazi bila kutumia neno kufunga. Kuhusu foleni alisema hakuiita, na kuhusu taa alisema yuko tayari kuigeuza.

Aliongeza kwamba naye ana la moyoni. Wakiulizwa watu wa mjini ni nani fundi wa Derb Nouala, wanasema Bouchaib. Husema hivyo hata wale waliotoka mezani kwake Bi Touria. "Yeye ana jina," alisema. "Mimi nina foleni tu."

Makamu Mwenyekiti alimuuliza Ndugu Driss kama ni kweli ameshaomba kupewa meza ya pili ikiwa itaachwa wazi. Ndugu Driss alijibu kwamba hakatai.

KUMB. NA. 5/10/2024: USHAHIDI WA MWENYEKITI
Mwenyekiti alisema maneno yatoshe, kazi itazamwe. Alimwita shahidi wake, Sidi Maati Boukhriss.

Sidi Maati alieleza kwamba simu yake ilitumbukia katika ndoo alipokuwa akiosha teksi, siku za mwanzo za Ramadhani. Mafundi wa mtaa mwingine walimwambia anunue nyingine. Aliileta kwa Maalem Bouchaib, akaipokea siku chache baadaye ikiwa hai, na tangu hapo haijakataa chaji. Ndani yake kuna picha za marehemu mama yake ambazo hazipo mahali pengine. Alisema kila Ijumaa anamwombea dua Maalem kwa jina.

Mwenyekiti aliifungua simu hiyo mwenyewe, akaondoa bati, akaiweka chini ya hadubini ya Lalla Bahija iliyounganishwa na runinga ya ukutani, ili wajumbe wote waone. Alionyesha mahali kilipotolewa kipuri cha kudhibiti chaji kilichoungua, na vipuri vinne vidogo vilivyobadilishwa pembeni yake. Aliwataka wajumbe watazame risasi ya kulehemu ilivyolala, bila nundu na bila kuvuka mpaka. Alisema kazi ya namna hii haitafutwi kwa rangi.

Wajumbe walikubaliana kwamba kazi ni nzuri sana. Ndugu Driss alisema hajapata kuona nzuri kuliko hiyo katika soko hili.

Makamu Mwenyekiti aliomba bati nalo liwekwe chini ya hadubini, ili nukta ionekane kwa ajili ya kumbukumbu. Liliwekwa. Nukta ilikuwa ya kijani. Ukingoni mwake, upande wa kulia, ulionekana mstari mwembamba wa zambarau, kama kivuli.

Mwenyekiti alisema ni kivuli cha taa. Taa ilisogezwa. Mstari haukusogea.

Makamu Mwenyekiti alitoa mkobani dawa ya kusafishia kucha na pamba. Mwenyekiti alisema hakuna haja. Sidi Maati alisema simu ni yake na yeye ameruhusu. Makamu Mwenyekiti alipangusa mara moja. Kijani kilitoka, na chini yake ikabaki nukta ya zambarau, nzima.

Katibu aliuliza kama hilo liandikwe. Mwenyekiti alisema lisiandikwe. Makamu Mwenyekiti alisema liandikwe. Limeandikwa.

Mweka Hazina, Sidi Hamou, aliomba kusema kabla hajaulizwa. Alieleza kwamba tangu Ramadhani amekuwa akichukua bodi kutoka kwa Mwenyekiti, zikiwa zimetolewa kwenye simu za wateja wake, na kuzipeleka kwa Bi Touria pamoja na vipuri vya kawaida, akisema zinatoka kwa fundi wa mji jirani wa Mohammedia. Zikishapona alizirudisha. Alisema alifanya hivyo kwa heshima ya Maalem, ambaye vitu vidogo vimeanza kumpotea machoni.

Mwenyekiti alisema macho yake ni mazima. Baadaye alisema ni mikono. Baadaye tena alisema hakupeleka bodi yoyote bila kujaribu kwanza mwenyewe, na alipeleka zile tu zilizomkataa.

Makamu Mwenyekiti alimuuliza Bi Touria kama alikuwa anajua. Bi Touria alijibu kwamba alijua tangu bodi ya pili. Kila moja ilikuja imesafishwa kwa mswaki laini, kutoka kushoto kwenda kulia, na kufungwa katika karatasi ya kufungia sukari. Alisema hakuna fundi wa Mohammedia anayefanya hivyo. Anayefanya hivyo ni Maalem, na yeye mwenyewe, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa.

Aliulizwa kwa nini alinyamaza. Jibu lake limeandikwa kwa maneno yake, kwa agizo la Makamu Mwenyekiti: "Nilikuwa nafurahi zinakuja, sitasema uongo. Nikasema siku moja atavuka uchochoro azilete mwenyewe, ni hatua chache tu. Halafu namsikia mtu anakaa pale mbele yangu anamsifu kwa kazi yangu, naye anaitikia amina. Nikaweka nukta yangu kila bodi, nikajua ataiacha, maana kanuni ya saba aliiandika yeye."

Sidi Maati aliuliza, sasa dua zake za Ijumaa zote hizo zimekwenda kwa nani. Ndugu Driss alishauri zigawanywe. Sidi Maati alisema hataniwi katika jambo la mama yake. Ndugu Driss aliomba radhi, na ameomba radhi hiyo iandikwe.

Makamu Mwenyekiti alimwambia Mwenyekiti: "Kaka yangu, kazi zote zilizopita mezani kwako, umekwenda kujivunia hii."

Mwenyekiti alijibu, "Nilizitazama zote. Nilichagua iliyo nzuri."

Chai ililetwa.

KUMB. NA. 6/10/2024: KURA
Makamu Mwenyekiti alipendekeza Mwenyekiti apishe kiti. Katibu alitakiwa asome katiba. Katiba inasema Mwenyekiti hupisha kiti akiwa mlalamikiwa. Katika hoja hii yeye ni mlalamikaji. Katibu aliisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakusikika. Mwenyekiti alibaki kitini.

Ilipigwa kura juu ya hoja ya kumhamisha Bi Touria. Ndugu Driss alipiga kura ahame, akaeleza kwamba hana ugomvi na mtu, ana haja ya meza. Lalla Bahija alipiga kura abaki. Sidi Hamou alikataa kupiga kura, akisema ameshapeleka vya kutosha upande huu na ule. Kura zikawa sawa, moja kila upande. Kwa mujibu wa katiba, kura ya uamuzi ni ya Mwenyekiti.

Mwenyekiti hakupiga kura mara moja. Alisema akisema abaki, kesho uchochoro mzima utajua sababu. Alisema tangu asubuhi hadi jioni anamwona mbele yake, kichwa kimeinama, na hata akitazama pembeni anasikia kibano chake kinavyogonga sahani, haraka, kama mtu asiyewahi kukosea. Alisema yeye pia aliwahi kufanya kazi kwa mlio huo. Aliuliza kama wajumbe wanajua ni kitu gani kuusikia kutoka meza ya mwingine.

Sidi Hamou alimuuliza, "Akienda kule kwenye unyevu, Maalem, bodi zinazokukataa utazipeleka wapi?"

Mwenyekiti alisema, "Abaki."

Kisha alimwambia Katibu, "Na uandike, mwanangu, kwamba taa yake bado inaniumiza macho."

Imeandikwa.

Hoja ilianguka. Bi Touria Mesbahi anabaki meza ya pili.

KUMB. NA. 7/10/2024: MENGINEYO
Bi Touria aliomba kusema kabla ya kufunga. Alisema ataendelea kupokea bodi za Mwenyekiti, kwa masharti mawili: azilete Mwenyekiti mwenyewe, si Sidi Hamou, na nukta yake ya zambarau ibaki wazi, ya kijani ikiwekwa kando yake. Alisema kumpima mgonjwa na kumwandaa, kama Maalem anavyozisafisha bodi, ni kazi, na mwenye kazi hiyo anastahili nukta yake.

Mwenyekiti aliuliza, "Watu watasema nini wakifungua simu wakakuta nukta mbili?"

Lalla Bahija alijibu, "Watasema mlikuwa wawili."

Mwenyekiti aliomba aletewe simu ya Sidi Maati, ambayo bado ilikuwa wazi juu ya meza. Alitoa kichupa chake cha kijani mfukoni, akaweka nukta kando ya ile ya zambarau. Bi Touria alimshikia bati lisicheze. Nukta ya kijani ilitoka kubwa kuliko ya zambarau, zaidi ya mara mbili.

Hakuna mjumbe aliyepinga.

Sidi Maati alikabidhiwa simu yake. Kikao kilifungwa saa 12:10 jioni, wajumbe wakaenda kufunga meza zao.

Kumbukumbu hizi zimesomwa mbele ya Mwenyekiti kutoka mwanzo hadi mwisho, na zimetiwa saini bila kufutwa neno.

Bouchaib Zerouali (saini)
MWENYEKITI

Anouar Filali (saini)
KATIBU WA MUDA