Firigisi ya Kadutu

Mjukuu wangu Nabintu,

Huku Bukavu tuko wazima, na shangazi yako amejifungua msichana. Unauliza kama wateja wa restora yako waone jikoni.

Wakati wa Zaïre, mimi na marehemu bibi yako tulifungua restora Kadutu. Nilibomoa ukuta ili sufuria ionekane. Siku ya kwanza, wazee wawili waliiona firigisi ya kuku, ambayo kwetu huliwa na mkubwa wa nyumba.

"Maman, ile ni yangu!"

"Yako? Ni miye mukubwa hapa!"

Waligombana mpaka wateja wote wakasimama kuondoka. Bibi yako akaichota, akaila polepole mbele yao.

"Na sasa, nani iko mukubwa?"

Walicheka, wakakaa, wakala.

Bomoa ukuta, ila tafuta mpishi asiyeogopa macho. Wangu nilimpata mara moja tu.

Babu yako