Sullivan Tumboni, Jeremiah Kaburini

...na harusi yenyewe ilikuwa tamu kuliko nilivyotarajia katika ile barua yangu ya kwanza, mpendwa mshauri, maana Finbarr wangu alilia mbele ya padri, na sasa ni mwezi wa tano wa ndoa yetu na kila asubuhi akitoka kukamua ng'ombe ananiletea chai kitandani na kulibusu tumbo, kwa sababu Novemba tunapata mtoto wa kiume, na hapo ndipo naomba unisaidie, kwani mimi nilizaliwa Sullivan nikaolewa kwa akina Harrington, na binamu zangu wa Boston, kule ng'ambo, huwapa watoto majina ya koo za mama zao, nami nikatamani wangu aitwe Sullivan Harrington, maana yake jicho la mwewe, nimesoma kitabuni nikasisimka mwili mzima! Jumapili nikatangaza mezani. Mama mkwe, Mama Gobnait, akaweka uma chini.

"Sullivan yupi, binti yangu? Wa Mbuzi, wa Posta, au yule aliyemuuzia marehemu mume wangu ng'ombe kiwete?"

"Mama, ni jina la mahaba."

"Mahaba! Liite mnadani uone, watakuja wanaume arobaini na mbwa wao."

Akavaa koti akaondoka, wiki ya tatu hii hajakanyaga kwetu, na Finbarr ananiambia tu, "Utakavyo, mpenzi," huku akitazama ukuta. Kisa ni kwamba mama anataka Jeremiah, jina la baba mkwe aliyetutoka Aprili, na Jeremiah, mshauri, ni jina la mzee mwenye kikohozi! Je, penzi letu lisubiri ruhusa ya mkwe?

Muireann, Beara

Muireann, hongera kwa ndoa na kwa chai ya kitandani. Ifaidi, mtoto akija utaichemsha mwenyewe.

Sasa kaa chini. Wajuzi wa lugha yetu ya zamani hawajakubaliana kuhusu jina hilo: wapo wasemao jicho jeusi, wapo wasemao jicho moja. Wewe ulifika kwenye mwewe ukafunga kitabu. Hakuna mama anayechagua chongo. Na kule Boston jina hilo linapendeza kwa kuwa liko peke yake darasani. Hapo Beara, akina Sullivan mmejaa hadi kila tawi limebandikwa jina la utani, barua zisipotee.

Hayo ni ya kucheka. Lakini kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, nawe umelijua hilo tangu utotoni. Yule mama amezika mume Aprili. Anasubiri kuliita tena jina lake jikoni, na safari hii liitikiwe. Wewe ukamletea mahaba. Na ule ukuta anaoutazama Finbarr, umetundikwa picha ya nani?

Jumamosi oka mkate wa magadi, nenda kwake kwa miguu, usimtume mume. Mwambie, "Mama, ni Jeremiah." Sullivan liwe la pili, siku mtoto atakapovunja dirisha utayaita yote mawili kwa ukali.

Nina safari ya mji wa Bantry, jirani na kwenu. Kabla mwezi huu haujaisha nitapita kwenu, na nataka nimkute Mama Gobnait kwenye kiti chake, akilalamika kwamba chai yako ni maji matupu.