Mke wa Kwenye Kalenda

Alhamisi, Novemba. Mvua imenyesha tangu alfajiri ikakatika saa nne, na milima ya Kongo ikaonekana ng'ambo ya ziwa kama imetoka kufuliwa. Nimechoka. Neema, kichanga wangu, amekohoa usiku kucha, na sasa ananyonya huku naandika kwenye simu kwa kidole kimoja.

Lakini leo akili yangu haiko kwenye uchovu. Iko kwenye picha.

Pale ninaposhona, kwa Mama Rehema hapa Gungu, kuna kalenda kuukuu ukutani. Mwaka wake ulishapita zamani, ila haitolewi kwa sababu picha ni nzuri na inaziba ufa. Ni picha ya kuchorwa: mwanamume amembeba mzee begani, amemshika mkono mtoto wa kiume, na nyuma yao mji unaungua. Nyuma kabisa, gizani, kuna mwanamke.

Mama Rehema, mzaliwa wa Kasingirima ambaye hajawahi kukimbia kwao, siku zote anasema huyo mzee anapelekwa hospitali. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza kuwa hao ni wakimbizi kama sisi. Hata kile alichokumbatia mzee nilikijua: sufuria. Anayekimbia habebi kiti, anabeba cha kupikia.

Leo Mwalimu Zawadi, anayefundisha historia sekondari, alikuja kujaribu gauni lake. Nikamuuliza. Akacheka, akasema si sufuria, ni visanamu vya miungu ya nyumbani kwao. Na huyo mwanamume, kwenye hadithi za Warumi wa kale, ndiye babu yao. Mji wake ulichomwa, akakimbia na baba yake na mwanawe mpaka nchi ya mbali, na uzao wake ndio uliokuja kujenga Roma. Wachoraji wamemchora karne na karne.

"Hata wale pacha walionyonyeshwa na mbwa mwitu ni wa ukoo wake," akaongeza.

"Bukuru na Butoyi!" nikasema, maana kwetu Burundi ndivyo pacha wanavyoitwa, mkubwa na mdogo.

Kisha nikauliza nililokuwa nalitaka. Na huyu mama?

Mwalimu akasema mume alimwagiza awafuate kwa nyuma, mbali kidogo. Walipofika pa kukutania, mke hayupo. Njia nzima mume hakuwa amegeuka. Akarudi kumtafuta kwenye moto, akakutana na kivuli chake. Kivuli kikamwambia asilie, aende zake, huko mbele kuna mke mwingine anamngoja.

"Weee!" Mama Rehema akaweka mkasi chini. "Mzimu ndio mshenga? Hiyo katunga mwanamume, naapa."

Tulicheka mpaka Neema akaamka mgongoni kwangu. Halafu mimi nikaacha kucheka.

Mume wangu, Baba Eliya, anataka turudi Burundi. Amepanga atangulie na baba yake, ambaye hawezi kutembea, na Eliya wetu wa darasa la pili, walishike shamba kabla majirani hawajaligawana. Mimi na Neema tubaki mpaka kifua chake kipone. "Utatufuata," alisema. Kesho asubuhi alikuwa aende kuandikisha majina kwa wanaosajili wakimbizi wanaorudi.

Nilikuwa nimekubali.

Hata sikuona kama ni jambo la kukubali. Ndivyo tunavyotembea. Sokoni, kanisani, hata siku tuliyovuka mpaka kuja huku, nikiwa bado bibi harusi: mume mbele, mke nyuma na mzigo kichwani. Mgongo wa Baba Eliya nimeuzoea kuliko uso wake. Najua mpaka mahali mshono wa shati unapoachia.

Sikuwahi kujiuliza yeye anajuaje kama bado nipo.

Je, aligeuka hata mara moja? Nimewaza jioni yote nikichambua dagaa, sikumbuki. Si mtu mbaya. Alimbeba baba yake porini bila kulalamika, na kwa hilo nampenda. Yule wa kwenye picha naye nadhani hakuwa mbaya.

Baada ya kula nikamwambia, "Baba Eliya, kama lazima tugawanyike, nitangulie mimi na watoto. Wewe utufuate na Sogokuru." Hilo ndilo jina la babu kwa Kirundi, nasi sote tunamwita hivyo baba yake.

Akacheka. Akaona mimi sicheki.

"Uende peke yako na watoto? Nitajuaje kama mmefika?"

"Ndiyo hapo sasa."

Sogokuru akajifanya amelala, mjanja yule. Baba Eliya akauliza nani kanitia maneno haya. Nikamjibu: kalenda. Akadhani namtania, ikabidi nimhadithie yote, mpaka mke kupotea. Kisha nikasema, bila kupandisha sauti, kwamba Eliya haondoki bila mimi, na mimi siondoki Neema akikohoa hivi. Shamba likigawanywa, litagawanywa.

Baba Eliya akatazama mlango. Mwishowe akasema basi, kesho atakwenda kuwaambia kuwa bado hatuendi. Hakufurahi. Sijui kama atanisamehe likipotea lile shamba. Sijui hata kama mimi nitajisamehe.

Nikasema nitakwenda naye.

Akasema njia ya kule ni nyembamba, tena ina tope.

Nikamwambia tutabanana.